Kikombe Kilichovuka Malagarasi

Kwetu kulikuwa na kikombe. Naanzia hapo hapo, maana nikianzia mbali nitachoka mwenyewe kabla sijafika.

Kilikuwa kikombe cha bati cha zamani, kile cheupe chenye ukingo wa buluu, na karibu na mshikio rangi ilikuwa imebanduka kama ukubwa wa ukucha, weusi wa chuma unaonekana. Babu, yaani baba yake baba, alikuwa mzee wa kanisa kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, Tanzania. Sisi ni Warundi. Mimi nilizaliwa kambini nikakaa huko mpaka nina miaka kumi, ndipo tukashuka Johannesburg. Kambini, kikombe hicho ndicho kilikuwa cha Meza ya Bwana. Kanisa zima linanyweshwa humo, mmoja mmoja, Babu anafuta ukingo kwa kitambaa, anampa anayefuata. Na binti yeyote wa ukoo wetu akiposwa, alinywa humo mbele ya wageni kabla hajatoka nyumbani. Babu alipofariki kikombe kikaenda kwa mtoto wake wa kwanza, baba yangu mkubwa, naye akakibeba mpaka huku kwenye begi, kimeviringishwa ndani ya sweta.

Mimi mwenyewe nilikishika labda mara mbili. Lakini habari zake nimezisikia kuliko habari za mtu yeyote.

Mama alisema Babu alipewa kikombe na mmisionari mzee kabla ya vita, yule mzee alipokuwa anarudi kwao kufa. Baba alisema walipovuka mto Malagarasi kukimbia, mtumbwi ulipinduka, vitu vyote vikaenda, lakini kulipokucha kikombe kikaonekana kwenye matete, kinaelea wima kama mtu anayesubiri wenzake. Na kanisani kwetu Bertrams kuna bibi mmoja anauza karanga karibu na uwanja wa Ellis Park. Huyo nitamwita bibi wa karanga. Yeye alisema kambini, wakati mgao wa chakula ulipokatwa, chupa moja ya juisi ilimiminwa kwenye kile kikombe, watu wakanywa, wakanywa, na Babu alipotazama ndani bado kilikuwa nusu.

"Kanisa zima?" niliwahi kumuuliza.

"Kanisa zima na waliokuja kuchungulia."

"Chupa moja, bibi?"

"Wewe mwana, ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi kula karanga."

Niko hivyo, maneno yasiyoshikika yananiwasha. Nilijaza maji kwenye beseni nikaweka kikombe chetu cha bati cha nyumbani. Kikaelea kidogo, kikainama upande, kikazama. Nikamwita baba aje aone. Baba akalitazama lile beseni, akasema, "Hicho ni cha kwetu. Kile kilikuwa cha Babu." Akaenda kuvaa fulana yake ya njano. Kazi yake ni kulinda magari ya watu siku za mechi.

Mwaka 2012 nilikuwa Gredi ya Kumi na Moja, na dada yangu, ambaye anasuka nywele saluni mjini, akapata mchumba. Kijana wa Kirundi wa Malvern, mpole, fundi wa simu. Nyumbani tukafurahi. Halafu ikaja shida ya lango.

Kwetu familia ya mvulana haiji tu kuchukua msichana. Inakuja na mzee wake wa maneno, na familia ya msichana inaweka mzee wake wa kushika lango. Hao wawili wanapigana kwa maneno matamu. Mmoja anajifanya amepotea njia, mwingine anajifanya hana binti nyumbani, ana mbuzi tu, watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mwisho mzee wa lango anakubali, anakunywa yeye kwanza, anampa binti, binti anampa mchumba. Na mzee wa lango ni mkubwa wa ukoo. Akiwa hai na hajaja, wageni wanaelewa kwamba ukoo umepasuka. Hapo binti anatoka kwao kama mtu aliyetoroka.

Mkubwa wa ukoo wetu ni baba mkubwa. Na baba mkubwa na baba walikuwa hawasemezani.

Baba mkubwa ana spaza Diepsloot, duka dogo la mikate na sukari. Zile vurugu za 2008, wageni walipokuwa wanapigwa na kufukuzwa, duka lake lilivunjwa. Akaja kwetu na mfuko mmoja wa plastiki, akalala kwenye kochi. Watu wa kanisa wakaja kama wanavyokuja msibani, wameleta wali na maharage, wakakaa, hawasemi. Maana kwetu mtu aliyepatwa na jambo haulizwi. Kumuuliza ni kumfunua kidonda mbele za watu. Unakaa naye, unamwachia kimya chake, na akitaka kusema atasema. Baba alikaa naye hivyo wiki nzima, hata kazini hakwenda. Nilikuwa mdogo, lakini niliona ni jambo zuri, kaka wawili wamekaa kwenye kochi moja wanatazama dirisha moja.

Mchungaji peke yake ndiye aliyeuliza kitu. Aliuliza, "Na kikombe cha mzee kipo?"

Baba mkubwa akasema, "Kipo."

Watu wakasema Amina.

Baadaye mambo yakatulia, akarudi Diepsloot akafungua duka upya. Pasaka ikaja, kanisa likaomba kikombe. Akasema kitakuja. Pasaka nyingine, kitakuja. Mwisho baba akampigia simu akamwambia anakiatamia kikombe cha baba yao kama kuku, na hata kuku kuna wakati anasimama anakwenda kunywa maji. Baba mkubwa akakata simu. Tangu hapo kimya, na hiki hakikuwa kile kimya cha heshima.

Sasa dada anaposwa.

"Mimi kikombe sikitaki," dada alisema. Alikuwa ananisuka, na kila neno alilivuta na nywele. "Namtaka baba mkubwa."

"Aje nacho," baba akasema. "Ataingiaje hapa mikono mitupu? Watu watauliza."

"Hawatauliza, baba. Watu wetu wanauliza nini?"

"Watauliza kwa macho."

Mama akasema, "Basi mwanangu atatoka humu kama mwizi wa nguo za kwenye kamba." Dada akasema watakwenda wawili tu ofisi ya ndoa ya serikali, watasaini, wataishi. Alisema kwa sauti ya kawaida. Lakini usuko wa mwisho ulipinda, na yeye mkono wake haupindi kamwe.

Wakati huo huo shuleni, mwalimu wetu wa historia alitupa kazi. Tuchague hadithi moja maarufu ya Ulaya ya zama za kati, tutafute nani aliisema kwanza, nani aliongeza, na kwa nini. Wenzangu walichukua majoka. Mimi nikachukua kikombe kitakatifu kilichotafutwa na mashujaa wa farasi, na nilikichukua kwa hasira. Nilitaka angalau kikombe kimoja duniani nikijue ukweli wake.

Nilikwenda maktaba ya mjini nikadhani nitakuta siri. Nilichokuta ni kwamba mwanzoni hakikuwa hata kikombe. Mtu wa kwanza kuandika habari hiyo, Mfaransa wa zaidi ya miaka mia nane iliyopita, aliandika sahani. Sahani pana, ile ya kuletea samaki mezani. Inapitishwa mbele ya mfalme aliyejeruhiwa, inang'aa, na ndani yake mna mkate mmoja mdogo wa Meza ya Bwana. Unapelekwa chumba cha ndani kwa mzee mgonjwa, na mkate huo tu ndio unamweka hai. Halafu mwandishi akaiacha hadithi katikati. Wengi wanadhani alikufa.

Eish. Hadithi imekatika, na watu wanataka mwisho wake. Basi wengine wakaichukua. Mmoja akasema si sahani, ni kikombe alichonywea Yesu usiku wa mwisho, na ndicho kilichokinga damu yake. Mjerumani mmoja akasema ni jiwe. Mwingine akasema chombo hicho kinampa kila mtu chakula anachokitamani. Wasomi wengine wanasema mzizi ni hadithi za kale zaidi za Wales na Ireland, za vyungu visivyoisha, na wasomi wengine wanakataa. Baadaye kanisa moja Hispania likasema chombo tunacho sisi. Na jingine Italia likasema hapana, tunacho sisi.

Nilifurahi sana. Nikaandika kwamba huo ni uongo juu ya uongo. Mwalimu wetu, mama wa Kizulu anayening'iniza miwani kwenye kamba, akasoma rasimu yangu amesimama.

"Umeniambia nani aliongeza nini," akasema. "Hujaniambia walikuwa na njaa ya nini."

"Njaa, mama?"

"Mtu aliyeshiba hatungi chungu kisichoisha. Rudi ukasome."

Nikarudi kwa kununa. Lakini alikuwa sawa. Zama hizo watu waliishi na njaa na vita, na Jerusalemu ilikuwa imetoka mikononi mwao, kaburi la Bwana wao wengi wasingeliona maishani. Walitaka kitu cha kutoka huko ambacho kinabebeka, ambacho kimeshikwa na mikono ile na bado kipo. Nilipofika hapo nikaona sweta la baba mkubwa. Sikulitafuta, lilikuja lenyewe.

Kulikuwa na sehemu moja tu niliyoiruka, kwa sababu ilinikera. Nitaisema inapofika.

Jumamosi moja mama akafunga ndagala kwenye mfuko, wale dagaa wakavu wa Tanganyika anaouza Jules Street, akanituma Diepsloot. "Mpelekee shemeji yangu," akasema. "Ukifika, macho unayo na mdomo unao." Baba hakuwa ameulizwa na mtu, lakini akasema kutoka mlangoni, "Mwambie kikombe kije. Yeye akitaka abaki."

Baba mkubwa alikuwa nyuma ya wavu wa chuma, anakata mkate nusu kwa kisu kirefu. Amezeeka upande mmoja, sijui nielezeje, bega la kushoto limeshuka.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Umerefuka mpaka unaniziba mwanga. Pita huku ndani."

Nikakaa juu ya kreti la soda. Alinusa mfuko wa ndagala, akafumba macho kidogo, akauweka juu ya rafu ya sukari. Watoto wanakuja, wanapitisha sarafu kwenye tundu la wavu, wanapokea peremende. Akaingia gogo mmoja jirani, yaani bibi wa Kizulu, na gauni la maua na soksi za mpira, akaniangalia juu mpaka chini.

"Huyu ndiye mke mpya?" akamuuliza kwa Kizulu.

"Mtoto wa mdogo wangu, gogo."

"Ahsante Mungu. Ningemhurumia." Akachukua maziwa yake akaenda, na baba mkubwa akacheka, na nikajisikia vizuri, nikaona hapa hapa niseme.

Nikasema yote kwa pumzi moja. Dada, mchumba, lango, wageni, kikombe, baba. Nilikuwa nimeyapanga kwenye taksi na niliyasema kwa mpangilio.

"Kitakuja," akasema.

"Lini?"

"Kitakuja, mama."

Nilitaka kupiga teke kreti. Yeye akaanza kupanga sabuni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, kisha akauliza, kama watu wazima wanavyouliza wakitaka kubadilisha njia, shule inaendaje. Nikamwambia kuhusu kazi ya historia. Nilidhani itamchosha, lakini alipenda ile sahani ya samaki. Alipenda mzee wa chumba cha ndani anayeishi kwa mkate mmoja. Akauliza, "Na yule mfalme aliyejeruhiwa, alipona?"

Hiyo ndiyo sehemu niliyoiruka.

"Kuna kijana anafika kwake," nikasema. "Ni mgeni, anakaribishwa vizuri. Anamwona mfalme hawezi kusimama. Anaiona ile sahani inapita mbele yake. Anatakiwa aulize tu. Aulize sahani inapelekwa kwa nani. Wengine walioandika baadaye wakasema aulize, mfalme unaumwa nini? Akiuliza, mfalme anapona na nchi yake iliyokauka inaota. Lakini hakuuliza. Asubuhi akaamka nyumba tupu."

"Kwa nini hakuuliza?"

"Alikuwa amefundishwa kwamba mtu wa heshima haulizi-ulizi."

Baba mkubwa akacheka mpaka akashika wavu. "Huyo kijana alikuwa Mrundi," akasema. "Usiniambie Mfaransa. Huyo ni wa kwetu kabisa. Alilelewa na mama yangu."

Nikacheka na mimi. Kisha yeye akaacha kucheka, akabaki ameshika wavu, anatazama barabarani ambako hakukuwa na mtu. Nilitazama lile bega. Nikajiona kama naiba kitu, maana nilijua ninachotaka kufanya ni utovu wa adabu, na baba angekuwepo angenifinya.

"Baba mkubwa," nikasema. "Siku ile ilikuwaje?"

Hakuuliza siku ipi.

Alisema walikuja mchana. Alisema wengine aliwajua, alikuwa akiwakopesha mkate. Gogo wa jirani alimvuta kwa mkono akamwingiza kwake, akamfunika na magodoro, akakaa mlangoni na fagio. Lakini kulikuwa na kidirisha. Aliona friji linatoka. Aliona mlango wenyewe wa duka unabebwa. Mtu mmoja aligeuka kumpiga kijana wa Kisomali wa duka la pili, na yeye alipotoka kutaka kumsaidia akapigwa bomba hapa begani, gogo akamrudisha ndani akimtukana. Halafu vitu vyote vilipokwisha, akaona kasichana kadogo, kanakoanza tu kusimama, kameketi kwenye vumbi na kikombe cha Babu. Kuna mtu amekamiminia soda. Kanakunywa kwa mikono miwili, mpaka uso umeingia ndani.

"Kalikuwa na kiu," akasema. "Sikuweza kukachukia. Wale wengine niliwachukia vizuri, nikalala, nikaamka, nikaendelea kuwachukia. Lakini kale. Kalikishika kama tulivyokuwa tunakishika sisi kanisani. Halafu mama yake akaja akakabeba, na kikombe."

"Kwa hiyo hakipo."

"Hakipo tangu siku ile."

"Na ulisema kipo."

"Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la baba yako wiki nzima nasubiri mtu aniulize. Bega limevimba hivi, nalificha ndani ya koti nasubiri. Mtu wa kwanza kufungua mdomo akaulizia kikombe. Ungesema nini wewe?"

"Hawakutaka kukuumiza. Baba hakwenda hata kazini."

"Najua, mama. Mimi ningemfanyia vile vile. Hilo ndilo linaloniuma, sina hata wa kumlaumu."

Mtoto akaja kununua airtime, akauziwa. Nikapangusa macho kwa mkono wa sweta na nikauliza lililobaki, maana nilishaanza.

"Na mto? Kweli kilielea?"

Akanitazama, na nikaona anataka kutabasamu na anajizuia. "Kile cha mmisionari kilizama Malagarasi. Nilikiona kwa macho yangu. Kambini Babu alikwenda sokoni na vipande vya sabuni ya mgao, akabadilisha na kikombe kingine kinachofanana. Nilikuwa naye."

"Na akawadanganya watu kwamba kilielea?"

"Hakuwaambia kitu. Jumapili alikitoa tu mezani. Watu wakalia, wakasema, kikombe kimevuka. Babu akanyamaza. Na hakuna aliyemuuliza."

Nilikaa juu ya lile kreti nikihesabu waandishi wangu wote wa maktaba, na huku mbele yangu yuko shahidi anauza mkate nusu. Hakuna aliyetunga uongo. Kulikuwa na watu waliopoteza kila kitu mtoni, wakaona kitu kimoja kimerudi, na mzee mmoja asiyekuwa na moyo wa kuwanyang'anya.

Mtu mwenye subira angerudi nyumbani, angemweleza mama, mama angemweleza baba kidogo kidogo, mpaka harusi ya mjukuu. Mimi nilitoa simu nikapiga. Baba mkubwa alipoona namba akasema, "Wewe, hapana." Nikamwekea simu sikioni nikatoka nje ya wavu, nikasimama mlangoni kama gogo na fagio lake.

Ilikuwa siku ya mechi. Baba akiwa uwanjani anaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nilisikia vyote.

"Nani?"

"Ni mimi."

Honi za magari. Vuvuzela moja.

"Kikombe hakipo," baba mkubwa akasema kwa Kirundi, haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba. "Kilichukuliwa siku ile. Nilikudanganya. Kimekwenda na vitu vingine vyote."

Nikafikiri salio limekwisha. Nikafikiri baba amekata, na nikaona kichwani ofisi na dada anasaini peke yake.

Kisha sauti ya baba, na sasa hakupiga kelele, nilisogea ndipo nikaisikia. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe walikufanya nini, kaka?"

Baba mkubwa akageukia rafu za sukari, akanipa mgongo. Nilitembea mpaka barabarani nikajifanya naangalia kuku wa watu. Gogo alikuwa ameketi kwake juani, akaniita kwa kidole, akanipa kipande cha chungwa, na hakuniuliza kitu. Sasa hata Wazulu, nikasema moyoni. Nikamweleza mwenyewe.

Baba alikwenda Diepsloot kesho yake, baada ya ibada, bado na tai shingoni. Walichosema sikijui na nimejifunza kwamba si kila swali ni langu. Alirudi na mkate na habari kwamba bega la kaka yake haliinui mkono juu ya sikio, na kwamba atampeleka kliniki mwenyewe. Aliisema habari ya bega mara nyingi wiki ile. Aliisema kwa mama, kwa mchungaji, kwa mtu anayeuza magazeti kwenye roboti, yaani taa za barabarani.

Kikombe walikinunua pamoja Jules Street, kwenye meza moja ya vyombo karibu na mama. Cheupe, ukingo wa buluu, kipya kabisa. Baba akakiangusha akishuka taksi, na rangi ikabanduka, lakini chini, kwenye kitako. Baba mkubwa akamwambia, "Umeanza."

Siku ya lango tulifunga maturubai uani Bertrams na kuazima viti vya kanisa. Mzee wa upande wa Malvern akaja na hadithi kwamba ng'ombe wake ameingia kwetu usiku. Baba mkubwa akamjibu kwamba hapa Johannesburg ng'ombe tunamwona kwenye paketi tu, labda amekosea mtaa, na akaendelea kumzungusha hivyo mpaka mchumba mwenyewe akaanza kutokwa jasho na dada akanibana mkono nyuma ya pazia akicheka. Halafu, kabla ya kunywa, baba mkubwa akainua kikombe kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto haupandi, akasema mbele ya watu wote:

"Kikombe cha baba yetu kilichukuliwa Diepsloot, vurugu zile. Niliwaambia kipo, hakikuwepo. Hiki nimekinunua na mdogo wangu, hapo Jules Street. Atakayekunywa, anywe akijua."

Kisha mchungaji akauliza, polepole, "Mzee, na wewe ulisalimika?" Na baba mkubwa akasema, "Nitawaeleza, tukishakula." Akanywa. Akampa dada. Dada akanywa macho yamefumba, akampa mchumba, na akinamama wakapiga vigelegele mpaka jirani wa ghorofani akafungua dirisha.

Na aliwaeleza kweli. Wali ulipoisha wanaume walivuta viti wakamzunguka, na nilisikia wanauliza. Kwa shida, kama watu wanaojaribu viatu vipya, lakini waliuliza.

Mimi nilikuwa nakusanya sahani upande wa akinamama. Bibi wa karanga alikuwa amekishika kikombe, anakigeuza kwenye mwanga. Akaona pale chini palipobanduka.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Alama yake ile ile. Mzee anasema cha Jules Street, ni unyenyekevu tu. Kimevuka Malagarasi, kitashindwa kurudi kutoka Diepsloot?"

Wenzake wakasema Amina. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu tayari, mahali alama ya zamani ilipokuwa, sabuni, soko, kasichana, na zile sahani zimenielemea mikononi. Halafu nikamwona jinsi alivyokishika, kwa mikono miwili.

Nikaweka sahani chini.

"Bibi," nikasema. "Siku ile kambini, kilipobaki nusu. Wewe ulikuwa hujala tangu lini?"

Alinitazama muda mrefu, akitafuta kama namchokoza. Kisha akasogeza mkoba wake kutoka kiti cha pembeni.

"Kaa," akasema. "Nilikuwa na mtoto mgongoni. Wa kwanza, hukumjua."